Bosi wa Mwisho Kaanguka, na Gemu Imeacha Kukutuma

Umemwangusha Baal kwenye Diablo II, au Kitava kwenye Path of Exile. Majina ya waliotengeneza gemu yamepita kwenye skrini, mhusika wako amerudi kambini, na hakuna tena mtu anayekungoja na alama ya mshangao kichwani ili akupe kazi. Kesho yake unafungua gemu, unapanga vitu kwenye kasha, unazunguka kidogo, unafunga. Siku ya tatu hufungui kabisa.

Mwongozo huu ni wa siku hiyo ya tatu. Unahusu gemu za kukata na kuokota: unaua mapepo, yanadondosha vifaa, unavivaa, kisha unakwenda kuua mapepo makubwa zaidi. Mifano mingi nimeitoa kwenye Diablo II (2000, na toleo lililofanyiwa ukarabati mwaka 2021), Path of Exile (2013), Grim Dawn (2016) na Last Epoch (2024), kwa kuwa katika gemu hizo sehemu kubwa ya maisha huanza kampeni ikiisha. Kama unacheza nyingine, mantiki ni ileile. Majina ndiyo yatabadilika.

Kwa nini hamu inakatika

Ndani ya kampeni unalipwa kila baada ya dakika chache. Levo inapanda, unapata pointi ya ujuzi, buti ulizookota sasa hivi zinazishinda ulizovaa, na hadithi inakuonyesha mlango unaofuata. Kampeni ikiisha, malipo hayo yote yanachelewa kwa pamoja. Levo moja inakula jioni nzima. Kifaa kinachokushawishi uvue ulichovaa huonekana kwa nadra, maana ulichovaa tayari ni kizuri. Na mlango unaofuata hakuna wa kukuonyesha.

Mambo ya kufanya yapo tele. Path of Exile ina kampeni ya sura 10, lakini nyuma yake kuna Atlasi nzima ya ramani za daraja la 1 hadi 16, pamoja na mabosi wasioonekana kabisa ndani ya hadithi. Aliyeondoka ni msimamizi aliyekuwa akikupangia ratiba. Kazi yake umerithi wewe, na gemu haikukuaga wala kukuarifu.

KISANDUKU: Jua kwanza kinachokusumbua

Watu husema "nimechoka" kwa sababu tano tofauti, na dawa ya moja haiponyi nyingine. Tafuta yako:

- Unakufa kila mara na hujui umeuawa na nini. → Soma "Ziba matundu".
- Unaingia, hujui pa kwenda, unatoka. → Soma "Lengo lenye jina".
- Sakafu imejaa vitu, na muda wako mwingi unaishia kusoma maandishi. → Soma "Chujio na kasha".
- Unaua kila kitu huku macho yako yako kwenye simu. → Soma "Soko" na "Mhusika wa pili".
- Kitu ulichokisubiri kimedondoka, na moyo haukushtuka hata kidogo. → Nenda moja kwa moja sehemu ya mwisho.

Ziba matundu

Naanza hapa kwa sababu wengi wanaodai gemu inachosha kwa kweli wanapigwa. Kampeni inavumilia mhusika aliyejengwa ovyo, kinachofuata hakivumilii. Gemu nyingi hukunyang'anya kinga kimyakimya kadiri unavyopanda. Path of Exile hukukata asilimia 30 za kinga ukimaliza sura ya 5, na 30 nyingine ukimaliza sura ya 10. Kwa kuwa kilele cha kawaida ni asilimia 75, vifaa vyako lazima vibebe jumla ya 135 katika kila aina ili ubaki kileleni. Diablo II yenye nyongeza ya Lord of Destruction ni katili zaidi: kwenye Hell, ugumu wa mwisho baada ya Normal na Nightmare, unakatwa 100, kwa hiyo unahitaji 175 ili ubaki na 75. Mtu aliyemaliza Normal akiwa na raha zake huingia Hell akiwa kama hajavaa kitu.

Kufa nako kuna gharama. Baada ya kampeni ya Path of Exile, kila kifo hukupokonya asilimia 10 ya pointi za uzoefu zinazohitajika kupanda levo inayofuata. Ukifa mara tatu jioni moja, unalala ukiwa nyuma ya ulipoamkia. Hakuna hamu inayoweza kustahimili hesabu hiyo.

1. Fungua ukurasa wa takwimu za mhusika na usome kinga tatu: moto, baridi, radi. Ziandike.
2. Iliyo chini ya 75 itangulie kabla ya silaha mpya. Pete, mkanda na buti ndizo nafasi rahisi za kuongezea kinga kwa gharama ndogo.
3. Kumbuka vifo vyako vya mwisho. Kama huwezi kutaja kilichokuua, shuka daraja moja la ugumu na utazame kwa makini zaidi.
4. Baki kwenye daraja hilo hadi uweze kumaliza eneo zima bila kukimbia. Ndipo upande, daraja moja kwa wakati.

Kosa la kawaida: kuongeza nguvu ya kushambulia peke yake ukiamini kwamba adui aliyekufa haumi. Ni kweli, aliyekufa haumi. Tatizo ni yule aliyeko nje ya skrini.

Lengo lenye jina

"Kuwa na nguvu zaidi" si lengo, kwa sababu halina siku linapotimia. Lengo linalokurudisha kwenye kiti lina jina, lina mahali linapopatikana, na unaweza kusema jioni hii umelisogelea kiasi gani.

Chukua Diablo II. Kuna runi 33, kuanzia El hadi Zod, na ukizipachika kwa mpangilio sahihi kwenye kifaa chenye matundu ya idadi sahihi unapata neno la runi lenye nguvu zake maalumu. Wachezaji wapya husikia sifa za Enigma, vazi linalompa mhusika yeyote uwezo wa kuruka kutoka sehemu moja hadi nyingine kwa kufumba na kufumbua, na hapohapo wanaanza kulitafuta. Enigma inataka Jah, Ith na Ber. Jah ni ya 31 na Ber ni ya 30 katika ngazi ya runi. Unaweza kucheza miezi usizione kwa macho yako. Anayeamka kila siku akiwaza Enigma pekee atavunjika moyo upesi, na si kosa la gemu.

Sasa tazama Spirit. Inataka Tal, Thul, Ort na Amn kwa mpangilio huo, kwenye upanga au ngao yenye matundu manne. Amn ni ya 11 tu. Na yuko mtu wa kumwendea: Countess, anayekaa kwenye mnara wa Black Marsh sura ya kwanza, ana mgao wake wa runi, na kwenye Nightmare mgao huo unafika hadi Io, ya 16. Kwa hiyo lengo limepata anwani. Unaingia mnarani, unashuka ngazi, unamuua, unaokota, unatoka, unarudi. Kila mzunguko ni mfupi, na kila mzunguko unaweza kutoa kipande kimoja kati ya vinne. Spirit ikikamilika, mhusika anabadilika kwa namna utakayoihisi palepale, na lengo linalofuata huanza kujitokeza lenyewe: sasa unaweza kumkabili bosi Mephisto kwenye Hell, na Mephisto hudondosha vitu ambavyo Countess hana.

Fanya hivi:

1. Andika lengo moja la mbali. Enigma linafaa hapa. Liandike, kisha uliache.
2. Andika lengo moja la wiki, lililo hatua moja tu mbele ya uwezo wako wa leo. Spirit. Au, kwenye Path of Exile, kukamilisha ramani zote za daraja moja.
3. Kila unapokaa kucheza, andika lengo la kikao hicho. Hili lihusu kitendo chako, lisihusu bahati. "Nitamwendea Countess mara kumi" ni lengo zuri. "Nitapata Amn" ni dua.
4. Lengo la kikao likitimia, simama. Zima hata kama bado una hamu, maana hiyo hamu ndiyo itakayokuita kesho.

Hatua ya tatu ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye faida kubwa. Huna mamlaka juu ya kinachodondoka. Unayo juu ya idadi ya safari. Ukipima safari, jioni isiyo na bahati inabaki kuwa jioni iliyofanikiwa.

Uko ujanja mwingine wa zamani kati ya wachezaji wa Diablo II, wanaouita Holy Grail: unaweka orodha ya kila kifaa cha kipekee na cha seti kilichomo kwenye gemu, na unakitia alama unapokipata kwa mara ya kwanza. Uzuri wake ni kwamba unabadilisha thamani ya vitu vilevile. Kofia isiyofaa kwa mhusika wako, ambayo jana ungeiacha sakafuni, leo inafuta mstari mzima kwenye orodha. Kama tabia yako ni ya kukusanya, jaribu hili kabla ya jingine lolote.

Lengo nisilolipendekeza ni levo ya mwisho: 99 kwenye Diablo II, 100 kwenye Path of Exile. Njia ya mwisho kuifikia ni ndefu kupita kiasi na malipo yake ni machache. Waachie wale wanaoona raha katika urefu wenyewe.

Chujio na kasha

Kadiri unavyopanda ndivyo takataka zinavyozidi kudondoka. Macho yako yakisoma majina mia ili kupata moja, umegeuka karani. Path of Exile inakubali machujio yanayoficha visivyofaa. Last Epoch na Grim Dawn zina chujio ndani ya gemu zenyewe. Liwashe mara kampeni inapoisha, na ulikaze kila unapopanda daraja.

Kasha nalo lisafishwe mara moja kwa wiki, mwishoni mwa kikao, kamwe si mwanzoni. Ukianza jioni kwa kupanga kasha, uwezekano ni mkubwa kwamba utafunga gemu bila kuua hata panya.

Soko: linaokoa na linaua

Mwaka 2012 Diablo III ilitoka ikiwa na mnada wa ndani, ambamo vifaa viliuzwa kwa dhahabu ya gemu na pia kwa pesa halisi. Ilionekana ni huduma nzuri. Matokeo yake ni kwamba watu waliacha kutazama sakafu, walitazama bei. Kitu ulichokipata kwa kuua pepo kilikuwa karibu daima duni kuliko kile cha mnadani, kwa hiyo kuua pepo kukapoteza maana. Kampuni ya Blizzard yenyewe ilikiri kwamba mnada ulidhoofisha moyo wa mchezo, na tarehe 18 Machi 2014 ukafungwa, siku chache kabla ya nyongeza ya Reaper of Souls kutoka.

Somo ni lako hata kama gemu yako haina mnada. Kila unachonunua ni safari moja ambayo hutakuwa na sababu ya kuifanya. Waliotengeneza Last Epoch walilielewa hili: toleo kamili la 2024 lilikuja na makundi mawili ya kuchagua, Merchant's Guild kwa wanaotaka kuuziana na Circle of Fortune kwa wanaotaka kujiokotea wenyewe kwa uwezekano ulioongezwa. Path of Exile ina hali ya kujitegemea kabisa, ambamo huwezi kununua wala kupewa.

Kanuni ninayoshauri: nunua cha kuzibia matundu, tafuta mwenyewe cha kujivunia. Pete ya kinga ya moto nunua bila aibu. Silaha unayoiota isake.

ONYO: pesa halisi

- Usinunue vifaa au dhahabu kutoka kwa wauzaji wa pembeni. Gemu nyingi hufungia akaunti kwa hilo, na muuzaji akitoweka na pesa yako ya simu huna pa kumshtaki.
- Gemu za bure za kwenye simu zina ukuta uliojengwa makusudi: unakwama, kisha unaonyeshwa kitufe cha kulipia. Diablo Immortal haikutolewa Ubelgiji wala Uholanzi mwaka 2022 kwa sababu ya sheria za nchi hizo kuhusu masanduku ya bahati nasibu.
- Ukitaka kulipia, amua kiasi ukiwa umetulia na gemu imezimwa. Usiamue ukiwa umekwama saa sita usiku.

Mhusika wa pili

Ukiona mhusika wako anaua kila kitu na wewe unapiga miayo, usimwongezee nguvu. Anza mwingine. Wa pili hupanda haraka kuliko wa kwanza: njia unaijua, kasha lina silaha za levo za chini, na sura zilizokutesa sasa zinapita upesi.

Grim Dawn ni gemu iliyotengenezewa jambo hili. Pamoja na nyongeza za 2017 na 2019 ina fani 9, na kila mhusika huchagua mbili, kwa hiyo kuna jozi 36. Hutazimaliza, na wala si lazima.

Unapochagua wa pili, mfanye awe kinyume cha wa kwanza. Kama ulikuwa mtu wa upanga anayesimama katikati ya adui, chukua mwitaji anayetuma mifupa ikapigane huku yeye amejificha nyuma. Tofauti ndogo hazionekani.

Kosa la kawaida hapa ni kunakili bildi, yaani mpango mzima wa ujuzi na vifaa, kutoka kwa mchezaji bingwa tangu levo ya kwanza hadi ya mwisho. Itafanya kazi, na huo ndio ubaya wake: hutakuwa na swali lolote la kujibu. Nakili kwa mhusika wa kwanza ili ujifunze. Kwa wa pili, chukua wazo moja tu na ujaze mengine mwenyewe. Ukikosea, mti wa ujuzi huwa unarekebishika. Diablo II tangu mwaka 2010 humruhusu Akara kukurudishia pointi zako zote mara moja bure kwa kila ngazi ya ugumu, ukishasafisha Den of Evil.

Misimu na wenzako

Path of Exile huanzisha ligi mpya kila baada ya miezi michache. Diablo huziita misimu. Wote wanaanza mikono mitupu, soko ni changa, kila kitu kina thamani tena. Kama una muda mdogo, cheza wiki mbili za mwanzo na uache. Diablo III ina Safari ya Msimu, orodha ya kazi zilizogawanywa kwa sura, na ukimaliza sura za mwanzo unapewa seti nzima ya vifaa vya fani yako. Kwa asiyependa kujipangia malengo, hiyo ni ratiba iliyokwisha kupikwa.

Mtu wa kucheza naye husaidia kuliko zana yoyote, alimradi mna nguvu sawa. Ukimleta rafiki aliyeanza jana na wewe ukamfyekea kila kitu, atachoka kabla yako. Anzeni upya wote wawili. Diablo II hubeba hadi watu 8 katika mchezo mmoja, na uhai wa mapepo huongezeka nusu kwa kila mtu anayeingia. Unayecheza peke yako nje ya mtandao andika amri ya /players 8, na gemu itafanya kana kwamba mko wanane: mapepo magumu zaidi, pointi za uzoefu nyingi zaidi.

ORODHA: umeme, bando, mtandao

- Umeme wa kwenu ukikatika bila hodi, usicheze Hardcore kwenye kompyuta ya mezani isiyo na betri ya akiba. Katika hali hiyo kifo ni kimoja tu, na gemu haijui kwamba uliuawa na giza.
- Path of Exile inahitaji intaneti muda wote. Grim Dawn na Last Epoch zinachezeka bila mtandao. Bando likiwa tatizo, chagua kwa kuangalia hilo kwanza.
- Mwanzo wa msimu huja na faili kubwa la kupakua. Lipakue kwa bando la usiku, siku moja kabla.
- Kwenye mipangilio ya Path of Exile kuna namna mbili za mtandao. Lockstep inataka mtandao wa haraka na tulivu. Ukiona mhusika anakwamakwama, jaribu Predictive.
- Jaribu seva zote zilizo kwenye orodha na upime mwenyewe. Iliyo karibu kwenye ramani si lazima iwe ya haraka.

Ukifika wakati wa kuacha

B. F. Skinner, mwanasaikolojia wa Marekani, alionyesha katika karne iliyopita kwamba mnyama anayepewa chakula kwa bahati nasibu hubonyeza kitufe kwa muda mrefu kuliko anayelipwa kila mara, na huendelea kubonyeza hata chakula kikikatwa. Gemu hizi zinatumia kanuni hiyohiyo. Maana yake kwako ni kwamba mkono unaweza kuendelea kucheza muda mrefu baada ya raha kuisha. Usitumie mbinu zote zilizotangulia kumfufua aliyekwisha kuzikwa.

Dalili za kutosha ni hizi: unacheza ili usipitwe na msimu, hukumbuki ulichofanya jana, kitu cha nadra kikidondoka unawaza bei yake tu. Zikiwa zote tatu, acha kwa miezi. Ila acha vizuri, ili kurudi kusiwe adhabu:

1. Mwache mhusika kambini, akiwa amevaa vifaa vyake bora. Usimvue ili kujaribu kitu kingine siku ya mwisho.
2. Andika mistari mitatu: bildi inafanyaje kazi, vitufe vipi unavitumia kwa mpangilio gani, lengo la wiki lilikuwa lipi. Baada ya miezi utakuwa umesahau vyote, na kumrudia mhusika usiyemwelewa ndiko huwafanya wengi wafunge tena.
3. Tupa takataka za kasha sasa. Anayerudi na kukuta kurasa nne za vitu asivyovikumbuka hasongi mbele.
4. Wahusika wa Diablo II wa nje ya mtandao hukaa kwenye kompyuta yako. Nakili folda ya faili zao kwenye flashi, na uandike tarehe juu yake.
5. Ukiwa kwenye ligi ya Path of Exile, usihangaike kukamilisha chochote kabla haijafungwa. Ikiisha, mhusika na vitu vyake huhamishiwa Standard, ligi ya kudumu, na utamkuta huko.